Usiapdeti Asubuhi ya Mazishi

Somo kwa vikundi vinavyorusha mazishi na mikutano laivu



Katika safari zetu za kutembelea vikundi, kuanzia Rongo na Awendo mpaka Ndhiwa, Mbita na Kendu Bay, tumeona kazi ambayo miaka kumi na mitano iliyopita haikuwa kwenye kitabu cha kikundi chochote. Wakati huo kijana akisema kikundi chao kina mradi, tulijua ni kuku, ni miche, ni matofali ama ni kukodisha viti na tenti. Siku hizi wale wale wa viti na tenti wameongeza kamera, laptopu na bando. Familia ikifiwa, wanaitwa kurusha mazishi laivu ili watoto walioko Nairobi, Mombasa, Qatar au Minnesota wamwone mzazi wao akizikwa.

Kazi hii ilipata nguvu mwaka 2020. Serikali ilipozuia mikusanyiko kwa sababu ya Korona, mazishi yaliruhusiwa watu 15 tu wa familia ya karibu. Huku kwetu, ambako mazishi ya watu 15 ni kama kumwaibisha marehemu, agizo hilo lilikuwa zito. Simu moja iliyofungwa kwenye mti ikawa ndiyo njia ya ukoo mzima kuhudhuria. Makanisa nayo yakaanza kurusha Misa na ibada kwa Facebook na YouTube. Masharti yaliisha lakini mazoea yakabaki, kwa sababu aliye mbali bado yuko mbali, na nauli ya ndege haijashuka.

Somo la mwezi huu halihusu kununua kamera. Linahusu kitu kidogo ambacho kimeharibia vikundi siku, nacho ni programu kubadilika mikononi mwa mtu bila yeye kujua imebadilika wapi.

Tuanze na kisa. Kikundi kimoja cha vijana upande wa Migori kilipewa kazi ya mazishi ya mama mmoja mwenye watoto wanne ng'ambo. Ijumaa usiku, wakipanga vyombo, laptopu ikaleta ujumbe: kuna toleo jipya la programu, je, uliweke sasa? Kijana akabonyeza ndiyo. Nani hapendi kitu kipya? Asubuhi programu ikafunguka vizuri, lakini vitufe vilikuwa vimehama. Utepe wenye jina la marehemu ukakataa kutokea, kwa kuwa ulitegemea kiongezo kilichotengenezwa na mtu mwingine kwa ajili ya toleo la zamani. Na sauti ya mashine ya DJ haikuwa inaingia kabisa. Simu zikaanza kupigwa: "Omera, tunaona watu wakisonga midomo tu, hatusikii kitu." Walipopata dawa yake, kitinda mimba alikuwa ameshamaliza kusoma historia ya mamake. Aliyekuwa ng'ambo aliamka saa nane usiku ili asikie hiyo, maana saa nne asubuhi yetu ni saa nane usiku kule Minnesota wakati wa joto lao. Familia ililipa nusu, na hatuwezi kusema ilikosea.

Hatutaji programu yenyewe. Jambo hili laweza kutokea kwa programu yoyote, ya bure au ya kulipia, ya simu au ya kompyuta. Swali letu ni: kwani hizo apdeti hutoka wapi, na kwa nini zinakuja?

Apdeti hubeba nini

Programu ni maagizo marefu ambayo watu wameiandikia mashine. Maagizo yakiwa maelfu kwa maelfu, lazima kutakuwa na makosa ndani. Wazungu huliita kosa la namna hii mdudu. Watu hupenda kusimulia kwamba mwaka 1947, katika Chuo Kikuu cha Harvard huko Marekani, mafundi walimkuta nondo ndani ya kompyuta kubwa, wakambandika kwenye daftari lao na kuandika kwamba huyu ni mdudu wa kwanza kupatikana kwa kweli. Kisa ni cha kweli. Ila neno lenyewe lilikuwa likitumika na mafundi tangu zamani, na ndiyo maana waliona kichekesho kumpata mdudu mwenye mabawa.

Apdeti moja kwa kawaida huleta mambo matatu yaliyochanganywa pamoja. Kuna marekebisho ya hitilafu hizo. Kuna kuziba mianya ambayo wezi wa mtandao wangepitia. Halafu kuna mabadiliko ya sura, yaani vitufe, menyu na rangi, ili programu iwe rahisi kutumia. Shida ni kwamba huwezi kuchagua. Ukitaka kuzibiwa mwanya, unapewa na vitufe vilivyohama.

Tuchukue mfano wa OBS Studio, programu ya kurusha laivu inayotumiwa na vikundi vingi vyenye laptopu. Ni ya bure. Ilianzishwa mwaka 2012 na Hugh Bailey, na tangu hapo watu wengi wa nchi mbalimbali wameongeza kazi yao humo, wengine bila malipo. Ni kama harambee, ila badala ya shilingi mtu analeta mistari ya maagizo. Maandishi yake ya ndani yako wazi, mtu yeyote anayejua kazi hiyo anaweza kuyasoma na kuyarekebisha. Kila toleo jipya likitoka, huandikiwa orodha ya kilichobadilika. Hiyo orodha ndiyo watu wengi hawaisomi, na humo ndimo tumetoa mifano ifuatayo.

Marekebisho yenye faida kwetu

La kwanza ni la mtandao dhaifu, na hapa tutakaa kidogo kwa sababu ndilo shida yetu kubwa. Kila sekunde programu inatuma kiasi fulani cha picha na sauti. Kwenye skrini kiasi hicho kimeandikwa Bitrate. Ni kama mfereji: ukiufungulia maji mengi kuliko upana wake, yanamwagika. Zamani OBS ikikuta mtandao umepungua ilikuwa inatupa picha nyingine njiani, na anayetazama anaona mambo yakirukaruka. Toleo la 24, la mwaka 2019, lilileta njia nyingine: mtandao ukipungua, programu yenyewe inapunguza kiasi inachotuma, na ukirudi inaongeza tena. Picha inakuwa na ukungu kidogo lakini haikatiki. Kwa mazishi hiyo ni bora zaidi, maana mtu anaweza kuvumilia ukungu, ila hawezi kuvumilia kukosa jeneza likishushwa. Lakini angalieni: jambo hili halijiwashi lenyewe. Ni lazima uingie Settings, kisha Advanced, utafute sehemu ya Network, uweke alama pale palipoandikwa Dynamically change bitrate. Tumekuta vikundi vina toleo jipya kabisa na bado vinasumbuka na kukatikakatika, kisa hakuna aliyejua kwamba dawa imo ndani ya nyumba.

Tukiwa hapo, tufanye hesabu ya bando, maana hesabu hii huwaponyoka wengi. Ukituma kilobiti 2,500 kila sekunde, ambazo zinatosha picha nzuri ya kawaida, na sauti kilobiti 128, utatumia karibu GB 1.2 kwa saa moja. Mazishi ya saa nne yatakula karibu GB 4.7. Ukishusha mpaka kilobiti 1,000, saa nne zitakula kama GB 2. Basi kabla ya kukubaliana bei na familia, ulizeni kwanza hotuba ni ngapi! Sote twajua mazishi ya kwetu: programu iliyochapishwa inasema saa saba mchana, na bado kuna diwani, kuna mwakilishi wa wakwe, kuna mwalimu mkuu mstaafu.

Marekebisho mengine ni madogo lakini yanaokoa aibu. Kabla ya toleo la 27, la mwaka 2021, ukifuta kitu kwa bahati mbaya, kwa mfano picha ya marehemu kwenye kona ya skrini, kilikuwa kimekwenda, uanze kukipanga upya watu wakitazama. Tangu toleo hilo unaweza kurudisha kwa kubonyeza Ctrl na Z, kama vile mtu anavyofanya akichapa barua. Toleo lilo hilo lilileta pia onyo la faili zilizopotea. Ukifungua mpangilio wako na ile picha ilikuwa kwenye flashi ambayo binamu ameondoka nayo, programu inakuambia mapema ni faili gani haipo. Aliyefikiria jambo hilo bila shaka amewahi kuaibika mbele za watu.

Halafu kuna stima. Vikundi vingi hurusha na wakati huo huo kurekodi, ili familia ipewe nakala. Ukirekodi kwa aina ya faili iitwayo MP4 ile ya kawaida na stima ipotee kabla hujafunga, rekodi yote yaweza kuharibika isifunguke tena. Saa nne za mazishi, hakuna kitu. Ndiyo maana OBS imekuwa ikionya watu watumie aina iitwayo MKV, ambayo ikikatizwa njiani sehemu iliyokwisha kurekodiwa inabaki salama. Ukimaliza, unaigeuza kuwa MP4 kwa kitufe cha Remux Recordings kilichoko kwenye menyu ya File, na familia itaweza kuifungua kwa simu. Mwaka 2024, toleo la 30.2 lilileta aina ya MP4 inayovumilia kukatizwa. Sisi tungeshauri mbaki na MKV mpaka mtakapoijaribu hiyo nyingine nyumbani, kwa kuchomoa waya makusudi mkiwa katikati ya kurekodi. Kama laptopu yenu ina betri nzuri inayotunza chaji, jaribio hilo halitawaambia kitu, kwa hivyo betri iwe imetolewa.

Na kwa kisa kile cha kiongezo kilichogoma, kuna hili: tangu toleo la 30, la mwaka 2023, programu ikizimika vibaya na kufunguliwa tena, inakuuliza kama unataka ifunguke kwa hali ya usalama, yaani bila viongezo vya watu wengine. Utapoteza mapambo, lakini picha na sauti zitatoka. Mafundi wengi wakiona swali hilo hubonyeza haraka haraka ili liondoke. Lisomeni.

Pale apdeti inapokufungia mlango

Si kila toleo jipya ni la kila mtu. Mwaka 2022 OBS ilitoa toleo la 28, nalo likaacha kufanya kazi kwenye Windows 7 na Windows 8, na kwenye kompyuta za mfumo wa zamani wa biti 32. Viongezo vingi vya toleo la 27 vilikataa kufanya kazi ndani ya la 28 mpaka waliovitengeneza wavirekebishe. Wenye laptopu za mitumba za Windows 7 walibaki na la 27. Je, ni vibaya kubaki nalo? Kwa kurusha mazishi, toleo la zamani linaloeleweka ni bora kuliko jipya linalokwama. Lakini hiyo laptopu isitumiwe kwa mambo ya benki ya kikundi, kwa kuwa mianya ya Windows 7 haizibwi tena na wenyewe. Windows 10 nayo ilifikia mwisho wa huduma yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hivyo vikundi vinavyotaka kununua mtumba viulize swali hilo kabla ya kuuliza bei.

Tena kuna mabadiliko ambayo hayaji kwenye simu yako hata kidogo. Yanafanyika kule kwa wenye mtandao, na wewe unaamka unakuta sheria mpya. Tangu Juni 2024, Facebook inataka akaunti inayorusha laivu iwe na umri wa siku 60 au zaidi, na iwe na wafuasi wasiopungua 100. YouTube inataka kituo kiwe na wafuasi 50 ndipo urushe kwa simu, na ukiomba ruhusa ya kurusha kwa mara ya kwanza huenda ukangoja hadi saa 24. Tangu Julai 2025 YouTube pia hairuhusu aliye chini ya miaka 16 kurusha peke yake. Fikirini maana yake kwa kazi yetu. Familia inawaomba Alhamisi mfungue ukurasa mpya wenye jina la marehemu, mrushe Jumamosi. Haitawezekana. Mtarusha kwa ukurasa wa kikundi, ambao umekwisha kukomaa, na familia ielezwe hivyo siku ya makubaliano.

Badiliko jingine la Facebook ndilo linalotusumbua moyo. Tangu Februari 2025, video iliyorushwa laivu hubaki kwenye ukurasa siku 30 tu, kisha inafutwa. Tulikutana na familia zilizodhani video ya baba yao ingekaa pale milele, kwamba mjukuu angekuja kuitazama akikua. Kikundi kinachorusha kina wajibu wa kupakua nakala ndani ya siku hizo na kuikabidhi, kwenye flashi mbili, si moja. Wekeni jambo hilo kwenye karatasi ya makubaliano.

Jinsi ya kufanya

Kikundi chenye mashine ya kusaga hakifungui injini Jumamosi asubuhi foleni ya akina mama ikiwa nje. Kinangoja siku ambayo hakuna kazi, na fundi akimaliza, debe moja la mahindi linasagwa kwanza la kujaribia. Fanyeni hivyo hivyo.

Chagueni siku moja katikati ya wiki, tuseme Jumanne, iwe ndiyo siku ya apdeti, na mtu mmoja awe na jukumu hilo. Wengine wote wakiona ujumbe wa toleo jipya wabonyeze baadaye. Kabla ya kukubali, huyo mwenye jukumu asome orodha ya kilichobadilika. Imeandikwa kwa Kiingereza, na mingi ni ya mambo yasiyowahusu, lakini atafute maneno yanayogusa sauti, kamera, kurekodi na aina ya Windows. Kama Kiingereza ni kigumu, mwalimu wa shule ya karibu hatakataa kusaidia kwa nusu saa.

Kisha atoe nakala ya mpangilio wenu. Kwenye OBS kuna menyu mbili, Scene Collection na Profile, na kila moja ina neno Export. Nakala hizo zikae kwenye flashi pamoja na faili ya kuweka toleo la zamani. Hiyo faili ya zamani ndiyo njia yenu ya kurudi nyumbani. Bila hiyo mtakuwa mnatafuta mtandao wa kuipakua usiku, mkiwa kwa watu, bando ikiwa imeisha.

Baada ya kuweka toleo jipya, rusheni jaribio la dakika 20. Si dakika mbili. Hitilafu nyingine hazijitokezi mpaka mashine ipate joto. Tumieni vyombo vyote kama siku ya kazi: kamera zote, maikrofoni zote, waya wa DJ, utepe wa jina. Mtu mwingine awe mbali, hata kama ni soko la Rangwe, atazame kwa simu yake na aseme anachosikia. Angalieni pia video inaonwa na nani, watu wote au wenye linki peke yao, kwa sababu familia nyingine haitaki mwili wa mzazi wao uonwe na ulimwengu mzima. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inatutaka tuwaheshimu katika hilo, ingawa heshima hiyo tulikuwa nayo kabla ya sheria.

Kwa simu, ingieni Play Store, mzime kujiapdeti kwa programu ile mnayorushia. Kwa laptopu kuna mtego mwingine. Ukiiunganisha na simu kwa hotspot, Windows hufikiri imepata Wi-Fi isiyo na kipimo, ianze kushusha apdeti zake kimyakimya wakati padri anahubiri. Fungueni mipangilio ya mtandao huo na muweke alama kwenye Metered connection. Hapo inajua kwamba data inalipiwa na itapunguza tamaa.

Hitilafu mkiiona, semeni

Tumesikia vijana wakisema, "Sisi wa huku ni nani hata tuwaambie watu wa programu?" Hitilafu hurekebishwa kwa sababu mtu fulani mahali fulani alisema. Anayetengeneza programu ana mtandao mzuri na stima isiyokatika. Ya mtandao wa Karungu ikinyesha atayajuaje?

Ila kuna namna ya kusema. Ukiandika "programu yenu ni mbaya, imetuaibisha," hakuna fundi atakayesaidika. Ni sawa na mama anayefika kwa fundi wa pampu na kusema tu kwamba maji hayatoki. Fundi atauliza: hayatoki tangu lini, mpini unasukumika, kuna sauti? Ripoti nzuri inajibu maswali hayo kabla hayajaulizwa. Iseme mnatumia laptopu gani, Windows gani na toleo gani la programu. Iseme mlifanya nini hatua kwa hatua, mlitarajia nini, kikatokea nini. Kwa mfano: "Tukichomeka maikrofoni baada ya kuanza kurusha, sauti haisikiki. Tukiichomeka kabla, inasikika. Tumejaribu mara tatu, imetokea mara tatu." Hiyo mara tatu ina thamani kuliko malalamiko ya ukurasa mzima. OBS huandika yenyewe kumbukumbu ya kila ilichofanya, nayo iko kwenye menyu ya Help, pale Log Files. Iambatanisheni.

Jambo moja la tahadhari. Mkipiga picha ya skrini ili kuomba msaada kwenye kundi la WhatsApp, hakikisheni haionyeshi ule mstari mrefu wa herufi na namba uitwao stream key. Huo ni ufunguo wa nyumba. Mwenye nao anaweza kurusha chochote kwenye ukurasa wenu, kwa jina lenu. Ukishavuja, ingieni YouTube au Facebook muubadilishe siku hiyo hiyo.

Maswali ya kuzungumzia katika mkutano

Kati yetu, nani anabonyeza apdeti kwa sasa? Tulikubaliana, au ni yule anayeshika laptopu siku hiyo?

Programu yetu ni toleo gani, na faili ya toleo lililotangulia iko wapi? Leteni flashi tuione.

Video za mazishi tulizorusha kwa Facebook miezi miwili iliyopita zipo bado? Familia gani haijapata nakala, na nani atawapigia simu wiki hii?

Tuna kazi Jumamosi ijayo. Sauti ikikatika katikati ya hotuba, nani atapanda kwa mashine ya DJ, nani atabaki kwenye laptopu, na nani atawajulisha wanaotazama kwamba tunarekebisha?